Rekodi ni Mali ya Nani?

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya nyumba, ya malezi na ya mashamba. Safari hii twaomba ruhusa tuzungumze juu ya michezo, na hasa juu ya jambo lile ambalo vijana wetu hawaachi kulitaja kila wanapokaa barazani, yaani rekodi. Nani alifunga mengi kupita wote, nani alikimbia upesi kupita wote, nani alicheza miaka mingapi bila kukosa mchezo hata mmoja. Wapo miongoni mwetu wasioweza kutaja majina ya wajukuu wa ndugu zao, lakini watakuhesabia mabao ya mchezaji wa Ulaya tangu siku yake ya kwanza uwanjani. Hatuwacheki. Hesabu hizo zina utamu wake, na sisi wenyewe tumenaswa na utamu huo zaidi ya mara moja.

Lakini ndani ya hesabu hizo limo swali ambalo si la mchezo. Mtu akiwa karibu kuipata rekodi, ana haki ya kuitafuta kwa kiasi gani? Na akiwa na uwezo wa kuipata, kisha akaiacha kwa ajili ya heshima ya mwenzake, je, amefanya jambo jema, au amekataa tu kumaliza kazi aliyoianza?

Swali hili lilizuka mwaka 2025 katika mji wa Bulawayo, nchini Zimbabwe, katika mchezo wa kriketi. Wazee waliopita katika shule za misheni wataukumbuka mchezo huo, na wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wamewaona ndugu zetu wenye asili ya Kihindi wakiucheza siku za Jumapili. Kwa wengine tuseme hivi kwa ufupi. Mpigaji husimama na gongo lake mbele ya vijiti vitatu, hupiga mpira unaorushwa kwake, hukimbia, na kila mkimbio huhesabiwa. Huendelea kupiga mpaka atolewe. Mchezo mkubwa wa mataifa huchukua siku tano, na nahodha anayo ruhusa ya kufunga zamu ya timu yake wakati wowote akiona kwamba mikimbio imetosha, ili apate muda wa kuwatoa wapinzani wote na kushinda. Asipofunga kwa wakati, siku zaweza kwisha bila mshindi.

Basi, Wiaan Mulder wa Afrika Kusini aliingia uwanjani Bulawayo akiwa nahodha kwa mara ya kwanza, maana manahodha wenyewe walikuwa wameumia. Siku ya kwanza alimaliza akiwa na mikimbio 264, bila kutolewa. Siku ya pili, tarehe 7 Julai, wakati wa chakula cha mchana, alikuwa amefika 367. Rekodi ya dunia kwa mpigaji mmoja katika michezo ya namna hiyo ilikuwa 400, nayo iliwekwa na Brian Lara wa West Indies mwaka 2004. Zilibaki 33 kuifikia, na kwa jinsi alivyokuwa akipiga zingemchukua labda nusu saa au zaidi kidogo. Watazamaji walirudi kutoka kwenye chakula wakitazamia kuona historia. Mulder hakurudi. Alikuwa ameifunga zamu. Alipoulizwa, alieleza kwamba mikimbio ilikuwa imetosha, na tena kwamba Lara ni mtu mkubwa katika mchezo huo na inafaa rekodi ile ibaki kwake.

Dunia ya kriketi iligawanyika siku ileile. Wengine walimsifu wakisema kwamba siku hizi hawaonekani tena vijana wenye adabu ya namna hiyo. Wengine, na miongoni mwao Chris Gayle, mpigaji mashuhuri wa zamani wa West Indies, walimlaumu kwamba nafasi kama ile haiji mara mbili katika maisha ya mtu. Na sisi tunaoandika ukurasa huu, tulipoizungumza habari hii baada ya kikao, tuligawanyika vilevile. Mzee mmoja alisema, “Heshima si utumwa; kijana amefanya vema.” Mama mmoja wa Umoja wa Mama akamjibu, “Mzee wangu, shikamoo, lakini mimi nikimtuma mtoto akalime shamba, akaacha tuta moja la mwisho kwa heshima ya babu yake, sitampigia vigelegele.” Watu walicheka, lakini hakuna aliyepata jibu la mara moja.

Kabla ya kuamua habari ya Bulawayo, yafaa tutazame rekodi nyingine zilivyopatikana, maana si zote zilizoingia vitabuni kwa mlango mmoja.

Tuchukue ile inayotajwa kuliko zote katika mpira wa kikapu wa Marekani. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, mji unaojulikana kwa kiwanda cha chokoleti, Wilt Chamberlain wa timu ya Philadelphia Warriors alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja dhidi ya New York Knicks. Watazamaji walikuwa 4,124 tu. Hapakuwa na televisheni, wala hakuna filamu ya mchezo ule. Uliobaki ni utangazaji wa redio wa kipindi cha mwisho, na picha moja maarufu ya Chamberlain ameshika kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono 100. Kwa zaidi ya miaka 60 baada ya siku ile hakuna aliyeifikia.

Ukiishia hapo utapiga makofi. Lakini tazama kipindi cha mwisho kilivyokwenda. Chamberlain alikiingia akiwa na pointi 69, na rekodi yake mwenyewe ilikuwa 78. Mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kwa maana ya ushindi, kwa kuwa Warriors walikuwa mbele sana. Watu wakaanza kupiga kelele apewe mpira, naye akapewa. Kwa nini asipewe? Mcheza kwao hutunzwa. Wale wa New York, kwa kuona haya, wakaanza kuuchelewesha mpira ili muda upite, na kuwafanyia madhambi wachezaji wengine makusudi ili mpira usimfikie Chamberlain. Hapo Warriors nao wakaanza kuwafanyia madhambi wa New York makusudi, ingawa walikuwa wakiongoza, ili mpira urudi kwao upesi na Chamberlain apate kufunga tena. Kwa dakika kadhaa timu zote mbili hazikuwa zikicheza mpira wa kikapu hata kidogo. Moja ilikuwa ikiilinda namba isizaliwe, na nyingine ikiilazimisha izaliwe. Mchezo uliisha 169 kwa 147.

Je, rekodi ile ni ya uongo? La hasha. Mipira ile iliingia kikapuni kweli, na aliyeitia ni yeye, akisukumwa na kukumbatiwa na wanaume watatu kwa pamoja. Kati ya mitupo 63 aliingiza 36, na katika mitupo ya adhabu, ambayo maisha yake yote ilikuwa udhaifu wake, aliingiza 28 kati ya 32. Tena msimu ule wote alikuwa na wastani wa pointi 50.4 kwa kila mchezo, jambo ambalo si la usiku mmoja wala la msaada wa marafiki. Hata hivyo twaona kwamba walioilipia rekodi ile walikuwa wengi, na wengine hawakuulizwa.

Hapa tuongeze jambo dogo la pembeni, maana linatupendeza. Msimu ule Chamberlain alikuwa akitupa mitupo ya adhabu kwa mikono miwili kutoka chini, katikati ya magoti, kama mtu anayemwaga maji ya ndoo. Ndio msimu alioingiza mitupo hiyo vizuri kuliko misimu yake mingine yote. Kisha akaiacha namna ile. Baadaye aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba aliona haya, alijiona kama si mwanamume. Akarudi kutupa kama wengine, na ikafika msimu mmoja akawa anaingiza chini ya asilimia 40. Mtu wa kimo cha zaidi ya mita 2, ambaye hakuna aliyeweza kumzuia uwanjani, alishindwa na macho ya watazamaji.

Tukiendelea hukohuko Marekani tutakuta namba zilizopatikana kwa njia nyembamba zaidi. Mwezi Machi 2003, Ricky Davis wa timu ya Cleveland alikuwa amebakiza kitu kimoja tu kuingia katika orodha ya wachezaji waliofikisha kumi katika mambo matatu kwa mchezo mmoja. Pointi alikuwa nazo, pasi za kufungisha alikuwa nazo, ila mipira ya kudaka baada ya kugonga ubao ilikuwa tisa. Timu yake iliongoza kwa pointi zaidi ya 20 na zilibaki sekunde chache. Basi akageuka, akautupa mpira kwenye kikapu cha timu yake mwenyewe, makusudi ukose, kisha akaudaka. Wakuu wa ligi hawakuuhesabu. Kila anayesikia kisa hiki hucheka, na ni haki kucheka, lakini tukumbuke kwamba hakuvunja sheria kubwa wala hakumwibia mtu pointi hata moja. Alichofanya ni kuonyesha wazi kile ambacho wengine hukifanya kwa siri, yaani kucheza kwa ajili ya karatasi ya takwimu.

Kisha kuna rekodi iliyotolewa kama zawadi, au angalau ndivyo watu wengi walivyoiona. Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, huhesabiwa ni mara ngapi mlinzi amemwangusha mpiga pasi wa timu pinzani kabla hajautupa mpira. Rekodi ya msimu ilikuwa 22, ya Mark Gastineau, tangu mwaka 1984. Tarehe 6 Januari 2002, mchezo wa mwisho wa msimu ukielekea kwisha, Michael Strahan alihitaji mara moja tu aivunje. Brett Favre, mpiga pasi wa upande wa pili na rafiki yake, alikimbia na mpira upande ule ule aliokuwa akitokea Strahan, akajilaza chini miguuni pake. Strahan akamgusa, ikahesabiwa, ikawa 22.5. Hatuwezi kuingia katika moyo wa Favre. Ila twasema hivi: kama ilikuwa zawadi, haikutoka mfukoni mwake. Ilitoka katika jasho la Gastineau, ambaye hakuwapo uwanjani.

Na ukitaka kuona namba ikiwa tupu kabisa, isiyo na kitu ndani yake, nenda Madagaska. Tarehe 31 Oktoba 2002 mchezo wa ligi ya taifa uliisha AS Adema 149, SO l'Emyrne 0. Hilo ndilo pengo kubwa la mabao lililoingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Lakini AS Adema hawakufunga hata bao moja kati ya hayo. SO l'Emyrne, waliokuwa mabingwa watetezi, walikuwa na hasira juu ya uamuzi wa refa katika mchezo uliotangulia, ulioondoa matumaini yao ya kuutetea ubingwa. Basi kila walipoanza mpira waliurudisha katika goli lao wenyewe, dakika zote 90, huku wachezaji wa Adema wamesimama wakiwatazama. Rekodi ya zamani iliyofutwa ilikuwa ya Arbroath ya Scotland, waliowafunga Bon Accord mabao 36 kwa 0 tarehe 12 Septemba 1885, na mabao hayo 36 yalifungwa kwa miguu ya watu waliokuwa wakitafuta kufunga. Kitabu kimeziweka namba hizo mbili katika safu moja. Kitabu hakina namna nyingine.

Siku hiyo hiyo ya mwaka 1885, si mbali sana na Arbroath, Dundee Harp waliwafunga Aberdeen Rovers 35 kwa 0. Yasimuliwa kwamba refa alikuwa ameandika mabao 37, lakini ofisa wa Harp wenyewe akamwambia kwamba hesabu yake ni 35, naye refa akakubali. Jioni wakasikia habari za Arbroath. Kama ofisa yule angalinyamaza, jina la Harp lingalikaa kitabuni kwa miaka 117. Sisi hatumjui mtu yule kwa jina, lakini twampenda kuliko wote tuliowataja hadi hapa.

Pengine msomaji atasema: mbona mnadai mtu apate rekodi peke yake, wakati kidole kimoja hakivunji chawa? Ni kweli, wala hatudai hivyo. Wapo waliosaidiwa, na msaada wenyewe ukawa wa heshima. Ndugu zetu wa Kenya wanakikumbuka kisa cha Mexico mwaka 1968, katika mbio za mita 1500. Ben Jipcho, akiwa kijana, alitoka mbele kwa kasi isiyo ya kawaida, mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, katika mji ulio juu sana ambako pumzi ni haba. Aliwachosha wenye mbio za mwisho, na hasa Jim Ryun wa Marekani aliyekuwa na rekodi ya dunia. Kipchoge Keino akapita, akashinda kwa mbali. Jipcho mwenyewe alimaliza wa 10. Msaada ule ulitoka mfukoni mwa Jipcho mwenyewe. Alilipa kwa miguu yake na kwa nafasi yake. Tena miaka 6 baadaye, tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Jipcho huyo huyo alisimama mstarini pamoja na Filbert Bayi wa Tanzania. Bayi hakuwa na wa kumvutia kasi. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, wengine wote wakimfukuza, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyekuja wa pili naye aliipita rekodi ya zamani ya Ryun, lakini hakuna anayeandika rekodi ya mtu wa pili. Jipcho alikuwa wa tatu.

Siku hizo hao wote walikuwa wanariadha wa ridhaa. Leo mambo ni ya kulipwa, na msaada nao umekuwa wa kulipwa. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia maratoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa na wakimbiaji 41 wa kumkinga upepo na kumshikia kasi kwa zamu, na gari mbele likimulika mistari barabarani. Wakuu wa riadha hawakuiandika kuwa rekodi, kwa sababu haikuwa mashindano ya wazi na wasaidizi waliingia na kutoka. Walifanya haki. Na Kipchoge hakunung'unika, maana alijua tangu mwanzo kwamba haitaandikwa. Hapo twaona kinyume cha Madagaska. Kule kulikuwa na rekodi isiyo na tendo, na huku kulikuwa na tendo lisilo na rekodi. Vijana wetu wakiulizwa lipi wangependa liwe lao, hatudhani watasitasita.

Sasa turudi kwenye kriketi. Mulder hakuwa wa kwanza kuacha. Tarehe 15 na 16 Oktoba 1998, mjini Peshawar, Mark Taylor, nahodha wa Australia, alipiga siku mbili akafika 334 bila kutolewa. Namba hiyo ilikuwa sawasawa na ile ya Donald Bradman aliyoipiga Leeds mwaka 1930, iliyokuwa kubwa kuliko zote kwa Mwaustralia. Bradman alikuwa bado hai wakati huo, mzee wa miaka 90. Mkimbio mmoja tu! Asubuhi iliyofuata Taylor akaifunga zamu, akawapa Pakistan gongo. Watu wakatarajia kwamba fadhila hiyo italipwa kwa ushindi, lakini mchezo uliisha sare. Hata hivyo ukitaja jina la Taylor mbele ya Waaustralia, hulikumbuka jambo hilo kabla ya yote aliyoshinda.

Na Lara mwenyewe? Mwaka 2004 alipoifikia 400 katika kisiwa cha Antigua, alikuwa nahodha wa timu iliyokwisha kushindwa michezo mitatu mfululizo na Uingereza. Aliendelea kupiga mpaka siku ya tatu. Mchezo ukaisha sare, na walikuwapo waliosema kwamba angeifunga zamu mapema huenda timu yake ingeshinda. Hatumhukumu, kuzuia kushindwa mara ya nne nako ni kazi ya nahodha. Lakini ni wazi kwamba kama kulikuwa na gharama, ilikuwa ya wenzake kumi, si yake.

Hapo ndipo sisi tulipoona njia kidogo. Twauliza: nani analipa? Hershey walilipa watu wa New York, na mchezo wenyewe ulilipa. Katika kisa cha Strahan alilipa mtu asiyekuwapo. Mexico alilipa msaidizi kwa hiari yake. Peshawar alilipa Taylor. Kwa kipimo hiki tunu ya Taylor inasimama, kwa sababu alikuwa anashindana na muda, na kila saa aliyoiweka katika namba yake alikuwa akiitoa katika nafasi ya timu. Si kwa ajili ya Bradman tu.

Lakini kipimo hiki hiki, wapendwa, kinatusumbua tukifika Bulawayo. Ilikuwa siku ya pili katika siku tano. Afrika Kusini walikuwa na mikimbio 626, na wapinzani wao walikuwa dhaifu kwao. Waliwashinda hatimaye kwa zamu nzima na mikimbio 236 juu yake, na siku zikabaki. Nusu saa zaidi isingemgharimu mtu yeyote kitu. Wenzake wangefurahi, watazamaji wangefurahi, na vijana wa Zimbabwe waliokuwa wakirusha mpira wangeweza kusema kwamba walikuwapo. Kwa hiyo ile sababu ya kwanza, kwamba imetosha, haina uzito mkubwa. Inabaki ile ya pili, kwamba rekodi ni ya Lara na ibaki kwake.

Hapo hatuwezi kukubali, ingawa twampenda kijana kwa adabu yake. Rekodi si shamba la urithi. Lara aliipata kwa Matthew Hayden wa Australia, aliyepiga 380 mwezi Oktoba 2003, na Hayden aliipata kwa Lara mwenyewe, aliyepiga 375 mwaka 1994. Ingekuwaje kama kila mmoja angesimama njiani kwa kumheshimu aliyetangulia? Namba ingekuwa kama picha ya marehemu ukutani, haimwambii mtu tena ni nini kinawezekana. Bradman mwenyewe aliiingia zamu yake ya mwisho mwezi Agosti 1948 akihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake wa maisha uwe 100 kamili. Eric Hollies alimtoa bila mkimbio hata mmoja, na wastani ukabaki 99.94. Hakuna aliyemwonea huruma akampa mpira mwepesi, angalau si kwa namna iliyomsaidia, na leo hii namba hiyo yenye kasoro inapendwa kuliko ambavyo 100 ingependwa. Inapendwa kwa sababu ni ya kweli. Vivyo hivyo 400 ya Lara, tangu siku ile ya Julai, imebeba swali ambalo haikuwa nalo kabla, na Lara hakuomba ibebeshwe. Mulder mwenyewe alisema baadaye kwamba alizungumza na Lara, naye Lara akamwambia kwamba alipaswa kuifuata.

Mzee wetu yule, tulipomsomea maneno haya, hakubadili nia. Alisema kwamba vijana watakaoivunja rekodi hawatakosekana kamwe, ila mtu anayeweza kujizuia akiwa na gongo mkononi ni adimu. Twaliandika neno lake kama alivyolisema, kwa kuwa ni la kweli pia. Kamati ya vijana ya mtaa wetu, ambayo mwaka huu inajadili kama itoe zawadi kwa mfungaji wa mabao mengi, itafanya vema kuwasikiliza wote wawili, mzee na mama. Rai yetu sisi ni kwamba itolewe, na waliotoa pasi watajwe siku hiyo hiyo kwa majina.

Lakini kwa habari ya heshima kwa mwenye rekodi, kuna siku moja ambayo Mulder, kwa kuifunga zamu, alimnyima Lara. Tarehe 18 Aprili 1994, Lara alipopata mkimbio uliomvusha 365, rekodi hiyo ilikuwa ya Garfield Sobers wa Barbados, aliyeiweka mwaka 1958 akiwa kijana wa miaka 21. Ilikuwa imekaa miaka 36. Sobers alikuwapo uwanjani Antigua siku hiyo, mtu mzima wa miaka 57. Mchezo ulisimamishwa, watu wakamwagika uwanjani, naye mzee akatoka kwa miguu yake mwenyewe mpaka katikati, akamkumbatia kijana aliyekuwa amemwondolea namba yake.